Kwa nini mapanga ya Ingenuity yalizunguka kasi vile?

Helikopta hiyo ya Mirihi ilikuwa na kilo 1.8 tu. Mapanga ya kipenyo cha mita 1.2 kuzunguka mara 2,400 na zaidi kwa dakika, ya nini?

— Hewa ya kule ni nyepesi mno, msongamano wake kama 1% ya wetu, hivyo mapanga lazima yaende kasi ili yainue helikopta. Mvutano wa kule, 38% ya wa Dunia, unasaidia, ila haufidii. Na huwezi kuongeza kasi tu: sauti kule husafiri kama mita 240 kwa sekunde, ncha za mapanga zikiikaribia, ukinzani wa hewa hupanda ghafla.

— Usisahau baridi. Umeme mwingi wa betri uliishia kwenye kupasha joto usiku.

— Januari 2024 iliponzwa na mchanga: kamera ya kuiongoza ilikosa alama za kufuata ardhini, mapanga yakavunjika ikitua.