Transimita za kampuni tatu, mfumo mmoja: mbona moja haifunguki?

Swali: Wakuu, kiwandani hapa Tanga tuna transimita za presha (vifaa vya kupima presha na kutuma kipimo) za kampuni tatu, zote HART, yaani mawasiliano ya kidijitali yanayopita kwenye waya uleule wa 4–20 mA. Kwenye mashine ya mkononi ya kuseti vifaa, mbili zinafunguka vizuri. Ya tatu inaonyesha presha, lakini menyu ya kuseti haipo. Ni waya?

Jibu: Waya ni mzima mkuu, la sivyo hata presha usingeiona. Unakosa faili la maelezo ya kifaa, EDD, la kiwango cha IEC 61804. Soma namba ya mtengenezaji, aina na toleo la kifaa, kisha pakia faili la toleo hilohilo. Mashine isipolipata, huishia kwenye amri za jumla tu, zile za vifaa vyote vya HART.

Jibu: Naam. Waya upime kifaa kikikataa kabisa. HART hutaka ukinzani usiopungua omu 230. Weka rezista ya 250, la sivyo pawasapulai humeza mawimbi ya HART. Kumbuka kwenye 20 mA rezista hiyo inakula volti 5. Fungua na kifuniko: hewa hii ya chumvi huacha ukijani kwenye terminali.

Jibu: Mkinunua vipya, andikeni kwenye zabuni kifurushi cha FDI (EDD na faili nyingine za kifaa zikiwa pamoja), kiwango cha IEC 62769. Kwanza hakikisheni programu yenu inakisoma.