Acheni kutufunga midomo kwa "nishati haiumbwi wala haipotei"

Wakuu, nimechoka. Kila mtu akiuliza nishati inaendaje katika ulimwengu unaopanuka, anarushiwa sentensi ileile ya darasani, kisha mjadala unafungwa. Akibisha anaitwa mbumbumbu. Huko ni kukariri, sayansi haiko hivyo!

Chukueni ule mnururisho uliojaa anga zima, yaani mabaki ya mwanga wa ulimwengu ulipokuwa mchanga, walioutangaza wanasayansi Penzias na Wilson mwaka 1965. Ulianza safari ulimwengu ukiwa na joto la kama kelvini 3,000. Leo tunaupima, ni kelvini 2.725. Katikati hapo anga limetanuka kama mara 1,100, mawimbi yamevutika vilevile, na kila fotoni (chembe ya mwanga) imebakiwa na takriban sehemu moja kati ya 1,100 ya nishati iliyoanza nayo. Fotoni zenyewe bado zipo. Nishati yao iko wapi?

Msinijibu kwamba imetumika kusukuma ulimwengu utanuke. Gesi inasukuma pistoni kwa sababu upande wa pili kanieneo ni ndogo. Hapa kanieneo ni ileile kila mahali, na hakuna upande wa pili wa kupokea chochote.

Jibu liko wazi tangu 1918, alipolitoa mwanahisabati Emmy Noether: nishati inahifadhiwa pale ambapo muda kupita hakubadilishi mfumo wenyewe. Ulimwengu unaopanuka wa jana si wa leo. Sharti halijatimia, basi jumla ya nishati hailazimiki kubaki ileile. Kwa nini sharti hili linafichwa, watu wanalishwa kauli nusu?

Wajuaji zaidi watasema imeingia kwenye mvutano, yaani graviti. Hesabu za namna hiyo zipo, Einstein mwenyewe alizitumia, lakini nishati ya mvutano mahali fulani inabadilika kulingana na mfumo wa vipimo vya mahali na muda uliouchagua. Semeni hivyo basi! Msiilete kama kitu kilichopimwa na kuwekwa mezani.

Nakubali kuna mahali hesabu inafunga vizuri. Mashimo meusi mawili yaliyogongana, yakanaswa na vyombo vya LIGO huko Marekani mwaka 2015, yalipoteza uzito wa kama majua matatu, ukatoka kama mawimbi ya mvutano. Pale unaweza kusimama mbali, penye utulivu, ukajumlisha. Ulimwengu mzima huwezi kuusimamia kwa mbali.

Na ninyi mnaorukia nyuzi hizi kunadi mashine za umeme wa bure, tokeni. Nadharia ya Einstein haijalegeza chochote kwenye kipande kidogo cha anga na muda. Pale nishati haiibuki kutoka hewani. Kutanuka kwa ulimwengu hakuigusi mota yenu.

Mwenye hesabu inayoonyesha nishati ya fotoni zile iliko, isiyobadilika akibadili mfumo wa vipimo, aiweke hapa niisome mstari kwa mstari. Mwenye kauli ya darasani tu, aniache.