Sahani nyeupe: Yongle isiyo na chapa au Xuande yenye chapa?

Mnunuzi_Mpya
Wadau, habari zenu. Nina sahani mbili nyeupe za kaure za Jingdezhen, mji wa wafinyanzi China, mbele yangu, pesa inatosha moja, na muuzaji anataka jibu Ijumaa. Ya kwanza anasema ni ya enzi ya mfalme Yongle (1403–1424): haina maandishi, ina nakshi ya maua iliyofichwa, na ufa mwembamba ukingoni. Ya pili ni nzima kabisa na ina chapa ya enzi ya mfalme Xuande (1426–1435), herufi sita za buluu. Nichukue ipi?

SokoLaKale
Mkuu, unatuuzia mbuzi kwenye gunia. Kipenyo? Uzito? Picha ya kitako? Ilikuwa kwa nani kabla ya huyo muuzaji? Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote.

KaureTamu
Akileta picha au asilete, kura yangu ni Yongle. Wachina huuita weupe ule tianbai, yaani nyeupe tamu, na jina limekaa. Utando wa kioo unaofunika udongo una chokaa kidogo, ndani yake kuna vijipovu na chembe zinazotawanya mwanga, kwa hiyo hauchomi macho kama kigae cha bafuni. Inamishe sahani chini ya taa: nakshi inajitokeza, kisha inapotea. Ukiiona waziwazi toka mlangoni, ondoka. Ufa unashusha bei tu, umri uko palepale.

FundiGundi
Mimi nisingehangaika na yenye ufa. Ile "nzima kabisa" ndiyo ya kuvuliwa nguo, huenda imekarabatiwa kwa siri. Ibebe juu ya ncha za vidole uigonge kwa ukucha: mlio ukikatika ghafla, kuna kitu. Zima taa, washa ya urujuanimno (UV), maana rangi ya kupulizia mara nyingi hung'aa tofauti na kioo. Siku hizi zipo rangi zisizong'aa, kwa hiyo pitisha ncha ya sindano polepole: kwenye kioo inateleza, kwenye rangi inakwama. Asetoni kwenye pamba, ya kuyeyusha rangi, iwe ya mwisho, na kwa ruhusa ya mwenye mali.

BiKitako
Chapa ya Xuande imenakiliwa mno, hata wafinyanzi wa enzi ya Kangxi (1662–1722) waliiandika kwa heshima tu. Tazama herufi ya "de". Kwenye chapa halisi kwa kawaida hakuna mstari mlalo juu ya sehemu ya "moyo", ile ya chini ya herufi. Ukiwepo, ni dalili mbaya. Usipokuwepo haikuthibitishii kitu, kwani mwigaji makini naye analijua hilo. Uso uwe na vishimo vidogo kama ganda la chungwa.

Mnunuzi_Mpya
Asanteni. Kipenyo ni kama sm 19 zote mbili. Uzito sijapima. Nilisahau kusema: ya pili ina cheti cha maabara cha TL (kipimo cha muda uliopita tangu udongo uchomwe), sampuli ilitobolewa kwenye kitako.

SokoLaKale
Kwenye kitako! Hilo ndilo ungeanza nalo, ndugu yangu.

Kuna sahani iliyouzwa kwa cheti cha namna hiyohiyo, na cheti hakikuwa cha uongo. Walichukua kitako cha bakuli la kawaida la Ming (nasaba ya Yongle na Xuande) lililovunjika, la bei ya chini. Wakafinyanga mwili mpya usio na kitako, wakauchoma, wakasaga kingo mpaka zikaoana, wakaunganisha kwa gundi na kupulizia rangi juu ya kiungo. Hawakurudisha tanurini, kwa sababu moto wa pili ungefuta umri ambao TL inausoma. Maabara ikatoboa kitundu cha milimita chache kitakoni, ikakuta udongo wa zamani, ikaandika ukweli. Kilichowaumbua ni taa kali iliyowekwa chini ya sahani: kivuli cha duara kuzunguka kitako, chembamba kama uzi.

Na hata cheti kikiwa safi, TL hukosea kwa takriban asilimia 20. Kwa miaka 600 hiyo ni 120 kila upande, kuanzia nasaba ya Yuan, kabla ya Ming, hadi enzi ya Jiajing, karne ya 16. Haiwezi kukutenganishia Yongle na Xuande.

KaureTamu
Ndiyo maana nasema Yongle. Mwaka 1406 mfalme Yongle mwenyewe alikataa bakuli za jade (jiwe la thamani) alizoletewa, akasema kaure ya China anayotumia kila siku inamtosha.

BiKitako
Hakusema nyeupe, kaka. Alisifu usafi wake na jinsi inavyopitisha mwanga. Nyeupe wengine huihusisha na maombolezo ya wazazi wake, wengine na Ubudha wa Tibet.

KaureTamu
Kule Zhushan, Jingdezhen, palipokuwa na tanuri za kifalme, zaidi ya asilimia 90 ya vipande vilivyofukuliwa kwenye tabaka la mwanzo la Yongle ni vyeupe. Huo ni upendeleo, dada.

MtuWaPwani
Je, huku kwetu zinaweza kupatikana? Sarafu ya Yongle ilifukuliwa Mambrui 2010, na Manda 2013, zote pwani ya Kenya.

BiKitako
Sarafu inapita mikono mingi. Kaure za kifalme zenye kasoro zilivunjwa na kufukiwa palepale Jingdezhen. Yale mabakuli yaliyopachikwa kwenye makaburi ya nguzo ya pwani ni mali ya biashara, ya kijani na ya buluu na nyeupe.

MtuWaPwani
Ya Mambrui mengi yamechomolewa, yamebaki mashimo.

FundiGundi
Mnunuzi, taa umeiweka chini yake au bado? Na hiyo picha ya kitako?