Mliotumia AI kuvalisha nguo kwenye picha, na mlionunua kwa picha hizo: tupeane uzoefu

Dada wa Mtaa wa Kongo
Habari zenu wakuu. Nauza magauni ya kike Kariakoo, wateja wangu wengi wako mikoani na wananijua kwa stetasi tu. Nikipata mzigo mpya napiga picha nguo ikiwa juu ya mdoli, halafu AI inaivalisha kwa mwanamitindo. Oda zimeongezeka, hilo halina ubishi. Leo mteja wa Dodoma amerudisha gauni kwa basi, na ujumbe wa sauti mrefu: "Dada, hili silo nililoliona." Nguo ni ileile, rangi ileile. Ila kwenye picha kitambaa kinateleza mpaka chini, na alipofungua mfuko kakuta kigumu. Nimeona nilete huku. Wauzaji, mafundi, wanunuzi, yapi yamewakuta?

Mdau wa Mwanza
Hiyo ya kitambaa imenikuta. Nilijua satini, ikaja kitu cha kushonea mapazia.

Fundi Tandika
Mimi ni fundi cherehani na umenikumbusha sendofu ya Desemba. Mpaka leo mteja akiniambia "fundi nakutumia picha" moyo unaruka.

Alikuja binti na kamati yake. Zamani wangenyoosha kidole kwenye kalenda ya mishono ukutani. Huyu alikuja na picha yake mwenyewe amevaa gauni ambalo halijashonwa. Alikipiga picha kitenge alichonunua, akampa AI, ikamvalisha. Kamati nzima ikasema lishonwe hivyohivyo.

Nikaiangalia ile picha kifundi. Mkono wa kushoto una pafu, halafu unaingia mgongoni bila mshono wowote. Zipu haipo, si mgongoni si ubavuni, na kiuno kimebana kiasi kwamba gauni lisingepita kichwani wala miguuni. Kubwa zaidi ni maua. Kwenye picha ni madogo madogo, yanafuata mwili. Kwenye kitambaa chenyewe ua moja lina upana wa sahani ya pilau. Nikamwambia, "Mama, hili ua nikilikata kwa kifua chako linabaki nusu." Akanijibu, "Fundi, mbona kwenye picha limewezekana?"

Nikashona. Nikatia zipu ya kuficha mgongoni, nikahangaika ua likae katikati, marinda nikayatilia kitambaa kigumu kwa ndani yasimame kama anavyotaka. Wakaja kuchukua asubuhi ya sherehe. Binti akavaa, akasimama mbele ya kioo, akaishika simu pembeni ya uso wake akawa anatazama huku na huku. Gauni lilimkaa jamani. Lilimkaa! Lakini machozi yalikuwa yanamtoka, make-up inaharibika, na shangazi mtu akanigeukia mbele ya wateja wangu wengine: "Umemharibia mtoto kitenge chake."

Walilipa nusu wakaondoka. Hela haikuniuma kama lile neno la shangazi. Kazi yangu haikupimwa kwa mwili wa yule binti, ilipimwa kwa mchoro.

Mama Sare
Pole fundi. Mashangazi wa kamati tunawajua.

Kijana wa Kompyuta
Shida watu wanadhani hizi programu zinapima. Hazipimi. Inatafuta mabega, viwiko na kiuno kwenye picha yako, inafuta nguo uliyovaa, halafu inachora upya ile sehemu ikiangalia picha ya nguo mpya. Haijui kama gauni ni saizi 38 au 46, ndiyo maana kila nguo inakutosha. Uzito wa kitambaa nao inabahatisha. Upande ambao haujapigwa picha inautunga, kwa hiyo fundi, ule mgongo usio na zipu haukuwahi kuwepo popote.

Halafu angalieni inafundishwa kwa picha zipi. Mkusanyo mmoja unaotumiwa sana na watafiti, VITON-HD, una jozi 13,679 za picha, zote za wanawake waliotazama mbele, zote nguo za juu tu. Zipo programu za biashara zenye picha zao nyingi zaidi, lakini ukileta dera au kanzu usishangae ikikukatia mikono.

Muuza Leso Mombasa
Huku kwetu imenishinda kabisa. Nilitia leso yenye jina "Wema hauozi", ikarudi na herufi ambazo hata msomi hazisomi. Mji, yaani ile sehemu ya katikati, umeharibika, pindo liko upande mmoja. Sasa mtu wa leso hununua maneno kwanza, rangi baadaye. Ampelekea wifiye au mkwewe, yale maneno ndiyo salamu yenyewe. Mimi naitandaza kwenye kamba, napiga picha jina lisomeke, basi.

Mzee wa Karume
Mnazunguka tu. Huu ni utapeli. Mimi nauza mtumba, nguo ikiwa na doa nalipiga picha lile doa. AI ingelifuta.

Dada wa Mtaa wa Kongo
Mzee wangu shikamoo, lakini hapo hapana. Tapeli ni yule asiye na nguo. Mimi nguo ninayo dukani. Kumlipa mwanamitindo na mpiga picha kila mzigo unapoingia, duka la fremu moja haliwezi.

Mzee wa Karume
Marahaba binti. Nguo unayo, ila unayoionyesha siyo uliyonayo. Mteja wa Dodoma kakwambia hivyohivyo.

Mdau wa Mwanza
Mzee, na ile midoli ya dukani inayobanwa pini mgongoni gauni lionekane limekaa? Hiyo imeanza kabla ya AI.

Mzee wa Karume
Mdoli naweza kuuzunguka nikaziona pini.

Binti wa Tanga
Nilikuwa nasoma kimya lakini nimeshindwa. Mwenzenu yamenifika shingoni.

Muuzaji mmoja wa mtandaoni alitangaza kwamba ukimtumia picha yako anakuonyesha gauni litakavyokukaa. Nikamtumia picha ya Idi, nimevaa abaya na mtandio. Akanirudishia, sikulipenda, nikaacha. Baada ya muda wifi yangu mtarajiwa akatuma tangazo kwenye kundi la ukoo wao: ni mimi. Uso wangu, gauni mikono wazi, magoti nje, chini bei na namba ya simu. Mtandio umeondolewa, nimechorewa nywele.

Posa ilikuwa imeshapokelewa. Mama yake mchumba wangu akampigia mama: "Kumbe binti yenu anafanya matangazo?" Baba aliingia chumbani, chakula cha usiku hakukigusa. Nikaitafuta picha ya asili, nikawawekea zote mbili. Kichwa kimeinama vilevile, pete ileile, pazia la nyuma lilelile. Mchumba aliniamini hapohapo, Mungu amlipe. Mama yake anasema ameelewa, lakini sauti yake kwangu imebadilika. Nilipomwandikia muuzaji aifute, akaniblock.

Mama Sare
Ya Rabi! Pole mwanangu. Mfikishe mbali.

Mdau wa Mwanza
Usiende popote dada, kesi itaongeza watu wa kuitafuta hiyo picha.

Bodaboda wa Mbagala
Taja mtaa tu. Tunamwagizia mzigo wote lipa ukipokea, halafu hakuna anayepokea.

Mwanasheria Mdogo
Msimtishe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu 1 Mei 2023, na uso wako ni taarifa yako. Ulitoa picha ujaribishiwe gauni, hukuitoa itangazie biashara. Piga picha ya skrini ya tangazo zima, namba na tarehe zionekane, hifadhi na mazungumzo yenu, kisha peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Fanya hivyo kabla hajafuta.

Muuza Leso Mombasa
Kweli kabisa. Huku Kenya mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja bila idhini yake. Na hiyo ilikuwa picha ya kweli, haikuchorwa.

Dada wa Mtaa wa Kongo
Binti wa Tanga, pole sana. Mimi picha ya mteja sipokei, na kuanzia leo kila gauni nitaliweka mara mbili: ya AI, pembeni ya video ya mkono wangu nikikunja kitambaa, na vipimo vya kifua, kiuno na urefu. Mzee wa Karume, je hapo?

Mzee wa Karume
Weka hiyo ya mkono iwe ya kwanza.

Mdau wa Mwanza
Ukiiweka ya kwanza huuzi.

Mama Sare
Naomba kuuliza, suti za wanaume je? Mwanangu ana mahafali, anataka ajijaribishie kwenye simu tumtumie fundi picha.

Fundi Tandika
Mlete mwenyewe, mama. Na aje na viatu atakavyovaa siku hiyo, urefu wa suruali unaanzia hapo.