Demo ya konsoli iliyofungiwa saa: ikubaliwe au ikataliwe?

Mleta mada

Wakuu, hoja yangu ni hii: demo ya gemu (kipande cha bure cha kuijaribu) ikiwekewa saa ya kuhesabu au tarehe ya kufungwa, duka la konsoli likatae kuipokea. Msingi wangu ni kwamba tumeshaona kampuni moja ikifuata njia zote mbili, yenye kikomo na isiyo nacho.

Januari 2019 Capcom walitoa demo ya Resident Evil 2 yenye dakika 30, zikiisha umemaliza. Aprili 2021 ikaja Resident Evil Village: wenye PlayStation wakafunguliwa dirisha la saa 8, yaani muda ambao demo inabaki wazi, na ndani yake dakika 30 tu za kucheza. Ilipofika zamu ya konsoli zote, dakika zikawa 60 na dirisha likapangwa saa 24. Wachezaji wakapiga kelele, wakaongezewa wiki. Machi 2023, demo ya Resident Evil 4 ikatoka bila saa wala tarehe, unarudia utakavyo. Kama kizuizi kingekuwa cha kiufundi, hiyo ya mwisho isingewezekana. Ni uamuzi wa soko, na uamuzi wa soko tuna haki ya kuupinga.

Pigeni hesabu. Demo ya Final Fantasy VII Rebirth, Februari 2024, ilikuwa karibu GB 50. Kwa laini ya intaneti ya Mbps 10 isiyoyumba hiyo ni saa 11 na ushee. Kwa Mbps 5 ni saa 22. Bahati nzuri haikuwa na dirisha. Ingefungiwa saa 24, mwenye laini ya pili angebakiwa na saa mbili za kucheza, tena kama umeme haukukatika.

StudioNdogo

Mkuu, umeitazama demo kwa jicho la mnunuzi peke yake. Demo ni bidhaa ya pili. Unakata kipande cha gemu ambayo haijakamilika, unatengeneza mwanzo na mwisho wake, unatafuta hitilafu zake, kisha unaipeleka kwenye ukaguzi wa Sony, Nintendo na Microsoft kama gemu nyingine yoyote. Studio ya watu sita inapoteza wiki kadhaa, na wiki hizo hutolewa kwenye gemu yenyewe.

Saa ya kuhesabu inapunguza kazi hiyo. Unachukua gemu nzima, unaifunga baada ya muda fulani, umemaliza. Ndiyo maana majaribio ya PlayStation Plus Premium, usajili wa kulipia wa Sony, yalipoanza 2022 yalikuja kwa mtindo huo. Na gemu yenye urefu wa saa nne utaikatia wapi bila kutoa nusu yake bure?

Tena kuna suala la mauzo. Mwaka 2013 mbunifu wa gemu Jesse Schell alionyesha kwenye DICE, mkutano wa watengenezaji gemu, takwimu za konsoli ya Xbox 360: gemu zilizokuwa na video ya matangazo bila demo ziliuza zaidi ya zile zilizotoa vyote viwili. Demo mbaya inaua gemu nzuri.

Padi_ya_Zamani

Takwimu zile zinatajwa kila mwaka na hazithibitishi kinachodaiwa. Gemu kubwa zenye bajeti nene ya matangazo mara nyingi hazikuhitaji demo. Ndogo ndizo zilizoihitaji. Ukiziweka kwenye jedwali moja, lazima demo ionekane ina mkosi.

Na hoja ya gharama ilishapatiwa dawa kwenye Xbox 360 hiyohiyo. Kila gemu ya Xbox Live Arcade, duka lake la gemu za kushusha, ililazimika kuwa na jaribio la bure, iwe ya studio kubwa au ya watu wawili. Hawakujenga kitu cha pili. Uliloshusha lilikuwa gemu kamili yenye kufuli. Ukilipa, leseni inafungua kufuli na unaendelea hapohapo bila kushusha tena. Kwa mtu wa bando, hii ndiyo tofauti kubwa kuliko zote. Leo demo nyingi ni programu inayojitegemea: unashusha demo, unainunua gemu, unaanza kushusha upya kutoka sifuri. Sevu (rekodi ya ulipofikia) inahamia, GB hazihamii.

Kwa hiyo StudioNdogo, gemu nzima yenye kufuli naikubali. Ila kufuli liwekwe mahali kwenye hadithi, kwa mfano mwisho wa sura ya kwanza, lisiwekwe kwenye saa. Ukiweka saa, mchezaji anakimbia, haongei na mtu, hasomi kitu. Hapo hajaipima gemu yako.

Bando_la_Usiku

Nichangie upande wa Afrika Mashariki. PlayStation Store haina huduma rasmi Tanzania wala Kenya. Wengi wanatumia akaunti za Afrika Kusini, Uingereza au Marekani. Demo ya bure haidai kadi, kwa hiyo inafika kwa kila mwenye akaunti. Jaribio la Premium linadai usajili wa ngazi ya juu unaolipiwa kwa njia ambayo M-Pesa haifiki moja kwa moja. Ukisema jaribio la kulipia ndilo mbadala wa demo, umetufungia mlango.

Kwa wanaotaka kushusha demo kubwa bila kuharibikiwa:

Kwenye PS5 ingia ukurasa wa gemu dukani. Usipoiona demo, bonyeza kitufe chenye nukta tatu pembeni ya kitufe cha kununua. Mara nyingi imefichwa humo. Kisha fungua Settings, System, Power Saving, halafu vipengele vya Rest Mode, uwashe kile cha kubaki kwenye intaneti, la sivyo ukiilaza mashine upakuaji unasimama. Umeme ukikatika katikati na faili likakataa kufunguka, zima kabisa, shikilia kitufe cha kuwasha mpaka usikie mlio wa pili, kama sekunde 7, unganisha padi kwa waya, kisha chagua kujenga upya hifadhidata. Hiyo haifuti sevu.

Kwenye Switch ya kwanza, konsoli ya Nintendo, angalia nafasi kwanza: imeandikwa GB 32 lakini unazopata ni karibu 26. Na usicheze gemu ya mtandaoni wakati inashusha, kwa kuwa upakuaji husimamishwa.

La mwisho linauma wengi: sevu ya demo hufuata eneo la duka. Demo uliyotoa duka la Marekani mara nyingi haitambuliwi na diski ya Ulaya uliyonunua mtaani, hata jina likiwa lilelile. Linganisha namba ya utambulisho wa gemu inayoanza na PPSA (PS5) au CUSA (PS4) kabla hujamwaga saa nyingi kwenye demo.

Kuponi14

Nyote mnazunguka. Dai liwe kurudishiwa pesa. Steam, duka la gemu za kompyuta, wanakupa siku 14 mradi hujacheza zaidi ya saa 2. Kila gemu tayari ni demo. PlayStation siku 14 zinakoma pale unapoanza kushusha, yaani unarudisha kitu ambacho hujakigusa. Nintendo mauzo ya dijitali ni ya mwisho, hakuna kurudishiwa. Hapo ndipo pa kubana.

Padi_ya_Zamani

Kubana hapo ni sawa, lakini kurudishiwa pesa kunadai uwe na pesa kwanza. Na kuna kazi ambayo ni demo ya mapema tu inayoweza kuifanya. Square Enix walitoa demo ya Octopath Traveler Septemba 2017 wakawatumia wachezaji dodoso. Gemu ikatoka Julai 2018, kukiwa na nafasi ya kurekebisha. Mtu aliyenunua gemu iliyokwisha hana nafasi hiyo.

Mleta mada

Nimewasikia. StudioNdogo, nakubali nguvu kazi ni tatizo la kweli, nami narekebisha dai langu: kufuli la sehemu ya hadithi liruhusiwe, na nambari ya mara za kucheza iruhusiwe ikiwa kubwa, kama demo ya Monster Hunter Rise ya Januari 2021 iliyotoa mara 30. Dirisha la saa nalikataa bado. Na kabla ya kubonyeza kushusha, duka lionyeshe mambo matatu: ukubwa kwa GB, tarehe ya kuondolewa kama ipo, na kama sevu itahamia kwenye gemu kamili ya eneo gani.

StudioNdogo

Hayo matatu nayaunga mkono, hayana gharama kwetu. Kuhusu tarehe ya kuondolewa, jueni kwamba mara nyingine studio haina kauli. P.T., demo ya gemu ya kutisha ya Silent Hills, iliwekwa dukani Agosti 2014 na Konami wakaiondoa Aprili 2015. Aliyeifuta kwenye PS4 hakuipata tena. Mkitaka ahadi ya demo kubaki, muidai kwa mchapishaji na mwenye duka, kwa sababu mkataba wa kuiweka na kuiondoa uko baina yao.