Nimelipia kazi ya mkono, nimeletewa kazi ya kitufe: kanzu ya mhusika wangu imegeuka suruali

Wanajamvi, assalaam alaykum. Naandika kutoka Lamu nikiwa na hasira niliyoizuia kwa siku nne, kwa kuwa nilitaka kwanza kuhakikisha kwamba kosa si langu.

Ninatengeneza gemu ndogo ya kompyuta ya kirumbizi, mchezo wetu wa fimbo. Mhusika wangu ni kijana mwenye kanzu, kofia ya viua na fimbo mkononi. Mimi ni mchoraji zaidi kuliko fundi wa mifupa, kwa hiyo kazi ya kuunganisha ngozi ya mhusika na mifupa, yaani viungo vya ndani vya kompyuta vinavyomwendesha, nilimpa mtu wa Malindi, simtaji, anayejitangaza kwamba hupaka uzito, yaani kiasi ambacho kila mfupa huvuta ngozi, kwa mkono, kipeo kwa kipeo (vipeo ni nukta zinazounda umbo). Tulikubaliana shilingi 30,000, nikalipa zote.

Faili lilipofika, nilimsimamisha mhusika akapendeza. Nilipomtembeza hatua moja tu, pindo la kanzu liligawanyika, upande ukafuata paja la kulia na upande la kushoto. Blender, programu tunayoundia wahusika, ina amri ya kugawa uzito yenyewe, nayo hukipa kila kipeo mifupa iliyo karibu bila kujua kama hapo pana mwili au kitambaa. Anayepaka kwa mkono angeliona hilo kabla ya chai ya saa nne. Kofia nayo, ambayo ilipasa kufuata mfupa wa kichwa kwa uzito wa 1, yaani wote, imepewa 0.3 ya shingo, hivyo kijana akiinama kofia huvutika kama donge la mahamri.

Linaloniuma zaidi ni mkono, maana kirumbizi ni mkono. Akigeuza fimbo, kigasha hunyongeka karibu na kiganja kama karatasi ya peremende. Kipeo kilichogawiwa nusu kwa nusu kati ya mifupa miwili huwekwa kwenye wastani wa pale ambapo kila mfupa ungekipeleka; mmoja ukijisokota nyuzi 180 na mwingine ukatulia, wastani huo huangukia katikati kabisa ya mkono, na unene wote hupotea. Dawa yake ni mifupa ya ziada ndani ya kigasha, inayogawana msokoto kidogo kidogo tangu karibu na kiwiko, kama inavyofanya ngozi yetu tukigeuza kiganja. Nimeitafuta katika faili lake, sikuona hata mmoja.

Nilipomwandikia, alijibu eti nisimgeuze mkono sana. Mchezaji wa kirumbizi asiyegeuza mkono! Kisha akaniambia niwashe chaguo la kuhifadhi ujazo. Nikaliwasha, kigasha kikanenepa ndani ya Blender huku kiwiko kikivimba, lakini nilipompeleka mhusika kwenye injini ya gemu, yaani programu inayoliendesha, alinyongeka tena, kwa sababu injini yangu hutumia wastani ule ule wa kawaida. Isitoshe, vipeo vya bega vimefungwa kwa mifupa sita hadi saba, ilhali nilimwandikia tangu mwanzo kwamba injini hupokea minne tu kwa kila kipeo.

Sidai fedha zote. Mifupa aliyoiweka ameipanga vizuri, hilo nalikubali. Nadai shilingi 15,000 za kupaka uzito, kwa kuwa hakuna kilichopakwa. Aliyewahi kuletewa kanzu au buibui la namna hii na aweke hapa picha ya pindo likiwa katikati ya hatua. Yangu naiweka jioni hii.