Patterson, Hunter au Grzimek: nianze na nani?

Msomaji wa Voi: Wakuu, nataka kununua kitabu kimoja cha kumbukumbu za wawindaji na watu wa pori wa zamani. Mfuko unaruhusu kimoja tu. Nimebaki na Patterson, mhandisi wa reli, na simba wake wala watu wa Tsavo (1907), J.A. Hunter, mwindaji wa Kenya (1952), na Grzimek, mtaalamu wa wanyama wa Kijerumani, wa Serengeti (1959). Sitafuti orodha ya pembe. Namtaka anayenionyesha pori, na watu waliokuwa naye humo.

Bint Shaabani: Patterson! Usiku wa Desemba 1898, kakaa juu ya kichanja cha miti, futi 12 hivi kutoka chini, mzoga wa punda umefungwa pale, giza totoro. Simba anamwacha punda, anaanza kumzunguka yeye. Mara kitu kinamgonga kisogoni, nusura aanguke. Kumbe bundi, kamdhania tawi. Nilisoma taa zikiwaka sebuleni na bado niligeuka kuangalia nyuma.

Mkaguzi: Kwa kusimulia, sibishi. Lakini tazama anavyohesabu walioliwa na simba hao. Kitabuni anataja vibarua wa reli wa Kihindi 28, halafu Waafrika wengi ambao hakuna aliyewaandika popote. Baadaye akadai jumla ni 135. Mwaka 2009 watafiti walipima mifupa na manyoya ya simba hao, ambao wako kwenye makumbusho huko Chicago, wakakadiria kuwa walikula watu 35 hivi. Mimi kinachoniuma si 35 wala 135. Ni wale wa kwetu, walioliwa bila hata jina kubaki. Ungan Singh, msimamizi wa Kihindi, angalau jina lake tunalo. Kila kumbukumbu ya aina hii naifungua nikiuliza kwanza: wabeba bunduki na wafuata nyayo wana majina?

Mwana wa Makueni: Kwangu ni Hunter, ingawa kinanichoma. Kati ya 1944 na 1946 aliua faru 996 huku kwetu, serikali ikitaka ardhi ya kuwaweka Wakamba. Tulipata mashamba. Mimi faru nimemwona akiwa ndani ya uzio tu. Ukikisoma utajua nchi ilivyokuwa kabla ya mihogo na mbaazi.

Karatu Juu: Grzimek hakwenda kuua, alikwenda kuhesabu. Yeye na mwanawe Michael, kwa kindege chenye milia ya pundamilia, walipata nyumbu kama 99,000 Serengeti. Leo wamepita milioni. Januari 1959 kindege kiligongana na tai, Michael akafa. Kaburi lipo ukingoni mwa Ngorongoro, nimesimama pale na upepo wake. Ila jiandae: Wamaasai na ng'ombe wao hakuwataka mle mbugani.

Msomaji wa Voi: Asanteni sana. Nanunua Hunter, maana Makueni napita kila mwezi na sikujua hayo ya faru. Bint Shaabani, cha Patterson naomba uniazime. Nitakifunika vizuri kwa gazeti.